sfGFP yenye TAG ya 151: kipande cha kDa 17, na inang'aa hata bila pAzF

Kodoni64: Wakuu, naweka pAzF (asidi amino ya kutengenezwa, yenye azidi) mahali pa tirosini ya 151 ya sfGFP (protini inayong'aa kijani), kwa kodoni ya kusimamisha TAG. Bakteria ni BL21(DE3), plasmidi ni pET (ina jeni la sfGFP) na pEVOL (inatoa tRNA ya TAG na sintetesi, kimeng'enya kinachoibebesha pAzF). Baada ya safu ya nikeli, jeli inatoa mistari miwili ya protini: mmoja wa uzito wa kDa 27, na mwingine mnene karibu na 17. Chupa isiyo na pAzF nayo inang'aa kidogo. Lebo ya histidini iko mwanzoni mwa protini. pAzF 1 mM, arabinosi (ya kuwasha pEVOL) 0.02%, IPTG (ya kuwasha pET) 1 mM, glukosi 0.5%, 37 °C.

MamaPlasmidi: Toa glukosi kwanza. Inazima promota (swichi ya jeni) ya arabinosi kwenye pEVOL, kwa hiyo sintetesi inabaki ile nakala moja inayoendeshwa na promota ya glnS tu. tRNA isiyobebeshwa haiwezi kushindana na RF1, protini ya seli inayokatisha mnyororo kwenye TAG. Ribosomu ikifika TAG inaachia mnyororo, na hiyo ndiyo 17 yako. Lebo ikiwa mbele, kipande nacho kinanasa kwenye nikeli. Ihamishie mwishoni. Na jeni liishie TAA: likiishia TAG, pAzF itaingia hapo pia na ribosomu itapitiliza.

Kwa mL 50: yeyusha mg 10.3 za pAzF kwenye mL 0.5 ya NaOH 0.2 M, dondoshea polepole huku ukitikisa. OD (kipimo cha wingi wa seli) ikifika 0.6 weka arabinosi na pAzF, subiri nusu saa ndipo IPTG. Shusha hadi 30 °C, usiku kucha.

Kodoni64: Nikihamia C321.ΔA, aina ya E. koli isiyo na RF1, si nitamaliza kazi?

MamaPlasmidi: Kipande kitapungua, ila haina polimerasi ya T7, kimeng'enya kinachosoma promota ya pET, kwa hiyo pET yako italala tu. Badili promota kwanza.

Tirosini_Y: Halafu bila RF1 ule mng'ao wa chupa isiyo na pAzF huongezeka: ribosomu ikikosa pAzF husubiri pale hadi tirosini au glutamini ijipenyeze. Usiamini mwanga, pima uzito. pAzF humzidi tirosini kwa Da 25. Ukiona pungufu ya Da 1 kuliko ya tirosini, azidi imegeuka amini. Funika chupa kwa foili, na DTT (huigeuza azidi kuwa amini) isiguse sampuli unayotaka kuunganisha na DBCO (kemikali inayoshikana na azidi).

Kodoni64: Bafa ya kuvunjia seli ina DTT 1 mM.

Tirosini_Y: Itoe.