Kutoka ukumbi wa mihadhara hadi Bungeni: tupeane uzoefu

Salaam aleikum wana Mombasa. Kina dada wahadhiri wanaoutazama uchaguzi wa 10 Agosti 2027, karibuni barazani. Sifa za nafsi tuziache, tuleteane mambo ya kufanya.

*

Anza na barua. Mhadhiri wa chuo cha umma ni mtumishi wa umma, na Sheria ya Uchaguzi, kifungu cha 43(5), yataka awe amejiuzulu angalau miezi 6 kabla ya siku ya kura. Likizo bila malipo si kujiuzulu. Ipeleke barua kwa mkono kabla Februari haijaingia, nakala ipigwe muhuri wenye tarehe, uitunze: mpinzani akikupeleka kortini ataanzia hapo. Alama na tasnifu unazosimamia zikabidhi kwa maandishi. Mwanafunzi aliyekwama kuhitimu kwa sababu yako atakupigia kampeni mbaya Tudor nzima.

*

Dada, ubaya uko kwenye kalenda. Mshahara wauacha Februari. Michujo ya vyama 2022 ilifanywa Aprili, yaani kazi waiacha kabla ya kujua kama tiketi ya chama utaipata. Ndiyo kule kuacha mbachao kwa msala upitao. Wangari Maathai alijiuzulu Chuo Kikuu cha Nairobi 1982 agombee ubunge Nyeri, akazuiwa kwa hoja ya usajili wake wa kupiga kura, na chuo hakikumrudishia kazi. Bungeni aliingia 2002, kwa Tetu. Miaka 20!

*

Na sacco je? Mkopo hukatwa kwenye mshahara. Mshahara ukikoma, wadhamini wako, ambao ni wahadhiri wenzako, ndio watakaobanwa. Kaa na sacco mpange malipo mapya kabla ya barua.

*

Kiti: cha Mwakilishi wa Wanawake huonekana chepesi kwa kuwa wanaume hawamo. Lakini ni kaunti nzima, maeneo bunge 6, toka Likoni hadi Kisauni. Ubunge wa eneo bunge moja, yaani jimbo, ni gharama ya jimbo moja. Ada ya tume ya uchaguzi 2022 ilikuwa shilingi 20,000 kwa kiti chochote kati ya hivyo viwili, mwanamke nusu yake. Hiyo ni hela ya mafuta tu ukilinganisha na mengine.

*

Mgombea huru wa jimbo: sahihi 1,000 za wapiga kura waliosajiliwa jimboni humo. Kusanya 1,500, maana nyingi hukataliwa: nambari ya kitambulisho imekosewa, au mtu amesajiliwa jimbo jingine. Pia usiwe mwanachama wa chama chochote miezi 3 kabla ya kura. Hapo ndipo walioshindwa mchujo hunaswa. Wanazunguka na rufaa za chama huku siku zaenda.

*

Mawakala wa kukulindia kura vituoni msiwasahau, jamani. Kituo kimoja hakizidi wapiga kura 700, kwa hivyo jimbo la wapiga kura 70,000 lataka mawakala 100 kwa uchache, na wa akiba. Wafunze jambo moja hadi walijue: wasitoke bila nakala ya Fomu 35A, ile ya matokeo ya ubunge kituoni, iliyotiwa sahihi. Wakala huondoka saa mbili usiku kwa njaa, kura bado zahesabiwa. Mpelekee chakula.

*

Na maneno! Mhadhara ni saa nzima. Maskani Kongowea utapewa dakika tano, na swali la kwanza ni maji ya mfereji. Udaktari wako uache kwenye bango.