Printa ya mabango inakata katikati ya kazi: nitengeneze hii ya USB au ninunue ya kebo ya mtandao?

Mchapaji_Mbale
Habari zenu wakuu. Printa yangu ya mabango, ya Kichina, ya USB, wiki hii imekata mara nne. Ikifika mita mbili kichwa kinasimama, kompyuta inasema haioni mashine. Fleksi (turubai ya mabango) yote hiyo nimetupa. Tena bluu inatoka na mistari myeupe. Kuna mtu Kampala anauza iliyotumika, ya kebo ya mtandao, kwa milioni 9. Anataka jibu Ijumaa. Nifanyeje?

Fundi_Tororo
Ndugu, hujatuambia kitu. Kichwa cha kuchapia ni aina gani: XP600, DX5 au i3200? Kebo ina mita ngapi? Soketi ina athi, yaani waya wa kupeleka umeme ardhini? Chati ya nozeli, ile ya kupima vitundu vya wino, umechapa?

Binti_Arua
Nunua ya mtandao. USB mwisho wake mita 5, kebo ya mtandao inafika mita 100. Kompyuta yangu iko chumba cha mbele, mashine iko nyuma, na tangu nihame USB sijapoteza bango hata moja.

Kalamu_Nasser
Dada, usimharakishe mwenzako. Desemba 2020, uchaguzi umekaribia, mikutano ya hadhara imezuiwa kwa sababu ya korona, wagombea wote wanataka mabango, na mashine yangu ikaanza tabia hiyohiyo. Fundi akaniambia kebo, nikabadilisha. Akaniambia bodi, nikakopa nikanunua. Ikakata tena usiku huohuo, na mteja alikuwa anakuja saa kumi na mbili asubuhi. Nilipokata fleksi nikasikia umeme unaniuma vidoleni, vinyweleo vya mkono vimesimama. Sikuelewa. Kesho yake mzee mmoja wa kufunga nyaya akafungua soketi: tundu la athi lipo, waya haupo kabisa! Fleksi ikisuguana na mashine inajaza umeme tuli, na ule umeme ukikosa pa kwenda unaruka hadi kwenye USB. Tukapigilia fimbo ya shaba uani, tukaizungushia mkaa na chumvi, tukamwagia maji. Ilitulia. Bodi ya zamani, ambayo haikuwa na kosa lolote, bado ninayo kabatini.

Fundi_Tororo
Hapo Kalamu umesema. Na mistari ni ugonjwa mwingine. Ikiwa iko kwenye bluu peke yake, tazama nozeli na dampa (vichujio vidogo vya wino juu ya kichwa) za rangi hiyo. Ingekuwa kwenye rangi zote, ningesema rekebisha hatua ya kuvuta fleksi.

Binti_Arua
Au ni wino. Wino wa bei rahisi unaua vichwa.

Kalamu_Nasser
Siyo bei, ni kuchanganya. Natumia wa bei rahisi miaka mitatu, aina moja tu. Ukimimina wa kampuni nyingine juu yake bila kusafisha mirija, unaweza kuganda.

Binti_Arua
Kichwa changu cha kwanza kilikufa na huo wa bei rahisi, na sikuchanganya chochote.

Fundi_Tororo
Kiligusa kitambaa cha kufutia? Kifuniko kilikaza? Kichwa kikikaa wazi usiku kucha, wino wowote unakauka.

Mchapaji_Mbale
Samahani, nilikuwa na wateja. Kichwa ni XP600. Kebo ni mita 10, niliunga mbili. Kwenye chati bluu ina mapengo sita. Athi sijui, nyumba ni ya kupanga.

Fundi_Tororo
Mita 10 za kuunga! Sogeza kompyuta karibu leo, weka kebo moja ya mita 3, na uzime ile mipangilio ya Windows inayolaza USB. Na huyo wa milioni 9, akuchapie chati ukiwa umesimama pale. Akikataa, ondoka.

Mchapaji_Mbale
Nimempigia, anasema mashine ameshaifunga kwenye boksi. Kebo fupi naipata kesho. Lakini mwenye nyumba hataki nichimbe uani. Kalamu, wewe wako ulimwambiaje?

Kalamu_Nasser
Nilimwambia ashike fleksi ikiwa inatoka kwenye mashine. Alikubali palepale.

Binti_Arua
Wangu ni mama mkali, hata msumari ukutani hataki. Nani anajua dampa za XP600 zinapatikana duka gani Nasser Road, ule mtaa wa wachapaji Kampala?