Mjadala: Baada ya Spider-Man, kuna sababu ya kuisubiri Marvel Super Heroes?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Kwa wasiocheza Magic: The Gathering, ni mchezo wa kadi uliobuniwa na Richard Garfield na kutolewa na Wizards of the Coast mwaka 1993. Hasbro wakainunua kampuni hiyo mwaka 1999. Seti mpya, yaani mikusanyo ya kadi, hutoka kila mwaka, na ukicheza Standard, yaani mashindano yanayokubali seti za karibuni tu, utanunua upende usipende.

Mwaka huu wa 2026 zimetangazwa seti saba za Standard. Tatu ni za Magic yenyewe: Lorwyn Eclipsed, Secrets of Strixhaven na Reality Fracture. Nne ni za kuazima wahusika wa kampuni nyingine: Teenage Mutant Ninja Turtles, Marvel Super Heroes, The Hobbit na Star Trek. Marvel ni ya Juni, na tayari kila mtu amegeuka mtabiri. Huyu anaahidi kadi ya Thanos, adui mkubwa wa mashujaa wa Marvel, ya kumaliza meza nzima, yule anahesabu faida ya maboksi ambayo hayajachapwa.

Msimamo wangu: hakuna kuweka oda ya mapema hata ya pakiti moja mpaka orodha nzima ya kadi iwe hadharani.

Tukumbushane Spider-Man ya Septemba 2025. Seti kuu ilikuwa na kadi 188, chache kuliko tulivyozoea. Mark Rosewater, mkuu wa wabunifu, alieleza mwenyewe kwamba ilianza kama bidhaa ndogo, mfano wa Assassin's Creed ya 2024, halafu ikapanuliwa. Ukiifungua unaona kabisa palipovutwa. Buibui huyu, buibui yule, buibui wa ulimwengu wa tatu, buibui mwenye koti. Hata namna ya kuichezea mezani ilibidi ibuniwe upya: watu wanne, na kila pakiti inapokupitia unachukua kadi mbili badala ya moja.

Halafu kichekesho cha haki miliki. Kwenye Arena, yaani Magic ya kompyuta na simu, hawakuwa na ruhusa ya kutumia majina ya Marvel. Kadi zilezile zikatolewa huko kwa majina mengine na picha nyingine, chini ya jina Through the Omenpaths. Usiku unafanya mazoezi kwenye simu na kadi inayoitwa hivi, Jumamosi mpinzani anaishusha mezani inaitwa vile, na wewe unanyoosha shingo kusoma maandishi yake kama vile hujawahi kuiona.

Na bei. Pakiti ya Edge of Eternities, ya Agosti mwaka huohuo, ilipendekezwa dola 5.49. Ya Spider-Man, dola 6.99. Kadi ni 14 kote kote. Boksi lina pakiti 30, kwa hiyo kwa bei hizo ni dola 164.70 dhidi ya 209.70. Dola 45 zote ni za jina la mwenye buibui.

Oktoba 2024 walipotangaza kule Las Vegas kwamba seti za kuazima zitaingia Standard, mwaka uliofuata ulikuwa tatu kwa tatu: tatu za kuazima, tatu za Magic yenyewe. Nikasema haya, nusu kwa nusu tutavumilia. Haukupita hata mwaka mwingine, ni nne kwa tatu. Nipeni sababu ya kuwaamini Juni.

Mwenye Duka

Mkuu, naomba nitofautiane nawe, na sifichi kwamba nina maslahi: nauza kadi huku Ulaya.

Final Fantasy ya Juni 2025, ile ya michezo ya video, iliingiza dola milioni 200 kwa siku moja, kwa maelezo ya Hasbro wenyewe. The Lord of the Rings ya 2023, iliyokuwa ikiitwa muujiza, ilihitaji miezi sita kufika hapo. Hao wanunuzi siwaoni kwenye vitabu vya hesabu tu, walisimama mbele ya kaunta yangu. Watu wazima waliokuwa wanamjua Cloud, shujaa wa Final Fantasy, tangu shuleni na hawajawahi kulaza kadi ya ardhi, yaani kuigeuza upande ili itoe mana ya kulipia kadi nyingine, maishani mwao. Wengine bado wanakuja kila Ijumaa, na sasa wanacheza hizohizo seti za Magic unazozililia.

Spider-Man ilinishinda, nakubali. Maboksi yalikaa mpaka nikashusha bei. Lakini umeitaja sababu mwenyewe: ilikuwa seti ndogo iliyovutwa. Marvel Super Heroes imetangazwa tangu mwanzo kama seti kamili. Avatar, ya katuni ya The Last Airbender, ilikuja Novemba, miezi miwili tu baada ya Spider-Man, nayo pia ya kuazima, na watu wakaipenda. Kwa hiyo tatizo ni kazi mbovu, siyo kuazima.

Mla Mana

Mwenye Duka, malizia basi hadithi ya hao wageni wako. Mgeni kafika kwa Final Fantasy, kaambiwa kadi ya kuwa nayo ni Vivi Ornitier. Kalipa makumi ya dola kwa kila moja, na deki, yaani rundo la kadi unalochezea, inataka nne. Vivi akishirikiana na kadi nyingine, Agatha's Soul Cauldron, akaitawala Standard nzima. Ilipofika Novemba 2025 akapigwa marufuku. Mgeni wako kabaki na picha nzuri ya mchawi mdogo mwenye kofia.

Kibaya zaidi, walisubiri miezi. Tuliokuwa tunashiriki tulijua tangu Julai. Siwezi kuthibitisha kwamba walimlinda ili pakiti ziendelee kutoka, lakini mtu akiwaza hivyo simshangai.

Mwenye Duka

Siku hiyohiyo alifungiwa Screaming Nemesis, wa Duskmourn, seti ya Magic yenyewe. Marufuku haichagui ukoo.

Bibi Commander

Nyie wa Standard mna kelele. Sisi wa Commander, mtindo mwingine wa kucheza, tuna deki ya kadi 100, watu wanne mezani, na kadi ya mwaka 1997 inakaa na ya jana bila ugomvi. Mimi naisubiri Marvel kwa sababu moja tu: Storm, shujaa anayeamuru hali ya hewa.

Mnasahau kwamba Black Panther na Storm tayari wana kadi tangu Novemba 2024, kwenye mauzo maalumu ya Secret Lair pamoja na Captain America, Iron Man na Wolverine. Kwenye vitabu vya Marvel mama yake Storm ni Mkenya. Mtoto wetu huyo. Na kadi yake ni tamu: akimpiga mpinzani, uchawi utakaofuata zamu hiyo unapata storm, yaani unajirudia kwa idadi ya uchawi wote uliotangulia zamu hiyo. Nimeshamaliza meza kwa mtindo huo, ndugu yangu mmoja akafunga deki yake na kwenda kuangalia mpira.

Sasa utabiri wangu. Rosewater ana kipimo chake cha kukisia kama uwezo wa zamani utarudi Standard, kuanzia 1 mpaka 10. Kumi maana yake sahau. Kipimo kinaitwa Storm Scale, kwa sababu uwezo wenyewe wa storm, wa mwaka 2003, ndio ulioshika hiyo 10. Je, wakimleta Storm kwenye seti ya Standard watampa storm au watamnyima jina lake mwenyewe?

Mbashiri

Bibi, kwanza tujue kama X-Men, kundi la kina Storm, watakuwemo. Mimi sitaweka shilingi hapo.

Napoweka ni kwenye Infinity Stones, yale mawe ya nguvu ya hadithi za Marvel. The Soul Stone lilitoka kwenye Spider-Man: bei yake mana mbili, haliharibiki, linakupa mana nyeusi kila zamu. Ukilipa mana saba na kumwondoa kabisa mchezoni kiumbe wako mmoja, linaamka, na tangu hapo kila mwanzo wa zamu yako linarudisha kiumbe kutoka makaburini, yaani rundo lako la kadi zilizokwisha kutumika au kufa. Mawe ni sita. Matano yamebaki, na hawajaanzisha mfululizo ule ili wauache njiani.

Angalieni jinsi walivyojibana. Mind Stone ipo kwenye Magic tangu Weatherlight ya 1997: mana mbili, unalaza inakupa mana moja, na ikichoka unailipa mana moja kuitoa, unachukua kadi. Kwa hiyo hili la Marvel lazima liitwe The Mind Stone, na mezani kutakuwa na mawe mawili ya akili. Hakimu wa mashindano aanze kuomba Mungu sasa hivi. Nikikisia, yote matano yatakuwa ya mana mbili na ya rangi, na thamani yake itakuwa kubwa kuliko seti nzima iliyoyabeba. Hapo nakubaliana na mleta mada: watu watanunua maboksi kutafuta jiwe moja.

Jirani wa Dar

Wakuu, mimi ninacheka tu. Mnagombania oda ya mapema. Huku mzigo ukitumwa kwa wakala, ukalipiwa usafiri na ushuru, unafika wakati seti inayofuata imeshatoka. Nikigawa, saba kwa mwaka ni moja kila wiki saba hivi. Sisi hatuwezi kuwa wa mapema hata tukitaka.

Tunachofanya ni hiki. Kadi ikionyeshwa mtandaoni, tunaipeleka steshenari, inachapwa kwa rangi, tunaikata kwa mkasi na kuiingiza kwenye kifuko cha plastiki mbele ya kadi ya ardhi ya kawaida ili isilegee. Tunacheza Commander nyumbani, hakuna zawadi, hakuna anayedanganywa. Mwezi ukiisha tunajua ipi ina faida na ipi ni picha tu, ndipo mwenye ndugu nje anaagiza kadi mbili tatu za kweli.

Kwa njia hiyo Spider-Man haikutuumiza. Tuliijaribu, tukaiacha.

Mwenye Duka

Jirani, maduka yote yakitegemea wateja wa mkasi hakutakuwa na meza ya Ijumaa.

Jirani wa Dar

Na wateja wa dola 209 je, wataendelea kuwepo mara saba kwa mwaka? Nakuuliza wewe mwenye kaunta.

Mwenye Duka

Hapo umenishika pabaya. Wapo wanaoruka seti. Zamani mteja alikuwa ananunua kila seti kidogo, sasa anachagua mbili au tatu na nyingine hazigusi kabisa. Ndiyo maana na mimi siagizi tena kwa uwiano sawa. Marvel nimeagiza chini ya Final Fantasy.

Mleta mada

Ahsante kwa jibu hilo, Mwenye Duka, limenisaidia kuliko takwimu za Hasbro. Hata wewe umepunguza, na bado unataka mimi niweke oda.

Niwajibu wengine kwa pamoja. Sina chuki na Storm wala na mawe. Hilo la The Mind Stone limenichekesha na kama litatoka nitalinunua peke yake. Ugomvi wangu ni kasi. Wizards walisogeza muda wa kuondoa seti kongwe Standard mpaka mwanzoni mwa 2027. Maana yake mwaka huu hakuna kinachotoka, vinaingia tu. Ikifika Novemba na Star Trek, Standard itakuwa na karibu seti 20. Mchezaji wa mashindano atakuwa anajiandaa dhidi ya shujaa wa Marvel, mbilikimo wa The Hobbit, kobe wa New York na nahodha wa chombo cha anga, kila mmoja na uwezo wake wa kusomwa upya, na kabla hajamzoea mmoja, mwingine anabisha hodi.

Halafu kuna hili la utabiri wenyewe. Zamani kubashiri kulikuwa na mzizi. Ukijua hadithi ya Ravnica, ule ulimwengu wa jiji wa Magic yenyewe, ilipoishia, unaweza kukisia koo zipi zinarudi na zitacheza vipi, na unapokosea unakosea kwa hoja. Sasa kubashiri ni kuorodhesha wahusika wa sinema na kuuliza nani atakuwa kadi. Ukiwa na orodha ya namna hiyo lazima uvunjike moyo, kwa sababu kila shabiki ana mtu wake na seti haina nafasi ya wote. Wenye Moon Knight watalia, wenye She-Hulk watalia, na kadi zenyewe hazijaonekana bado.

Mla Mana

Hapo pa Ravnica nimekuelewa sana. Ila Lorwyn nayo tuliisubiri miaka, watu wakaibashiri mpaka ikawa haiwezekani kuwaridhisha. Tusiitakase Magic yenyewe.

Mgeni

Samahani wakuu, mimi nimeingia kwa Avatar tu na sijui nusu ya mnayosema. Nikiwa na hela ya kitu kimoja kabla ya Juni, ninunue nini?

Mleta mada

Foundations, mdogo wangu. Ilitoka Novemba 2024 na wamesema itabaki Standard angalau mpaka 2029. Hayo ya Marvel yatakukuta umeshajua kucheza.

Mwenye Duka

Ninalo boksi la kuanzia. Kwa mara ya kwanza leo tumekubaliana.