Naomba ushauri: nikubali ukuu wa kitivo?

Wakuu, habari zenu. Mimi ni profesa wa Kiswahili katika chuo kikuu cha umma hapa Kampala. Tangu Baraza la Mawaziri liridhie Kiswahili kiwe lugha rasmi mwaka 2022, wanafunzi wa uzamivu (PhD) tunaowasimamia wameongezeka, walimu ni walewale. Sasa wenzangu wananisukuma nigombee ukuu wa kitivo.

Posho ipo, siyo kubwa ya kumtoa mtu roho. Kinachonitisha ni ile foleni mlangoni. Mkuu anayeondoka nimemwona: mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anamwekea mezani karatasi ya matokeo yenye nafasi tupu, alama za somo moja hazionekani, mahafali yanakaribia, na mhadhiri aliyesahihisha yuko masomoni ng'ambo. Kesi kama hizo ndizo zinazokula asubuhi nzima. Kuandika makala? Labda usiku, umeme ukiwepo.

Nikikataa, anayefuata ni mtu wa majungu, nisiseme zaidi.

Mliowahi kukalia kiti hicho, mlibakiza vipindi vingapi darasani? Wanafunzi wa uzamivu mliwagawa kwa nani? Na je, inawezekana kuweka masharti kwa maandishi kabla ya kugombea, au nitaonekana naringa?