Kitu kikikimbia sana, kwa nini kisigeuke shimo jeusi?

Mwalimu wa Zamu:
Wakuu, kidato cha nne wamenibana leo. Niliwaambia, kama nilivyofundishwa mimi, kwamba kitu kikikaribia kasi ya mwanga tungamo lake huongezeka bila kikomo. Binti mmoja wa dawati la nyuma, ambaye hata mkono huwa hanyooshi, akauliza: "Basi mwalimu, tungamo likizidi si na graviti inazidi? Mbona kisigeuke shimo jeusi, lile ambalo hata mwanga hautoki?" Kengele ikaniokoa. Kesho nina kipindi cha kwanza.

Fundi Redio:
Mwambie haiji kwenye mtihani. Ndivyo tulivyojibiwa sisi.

Mpiga Hesabu:
Hakigeuki. Muulize kwanza: kinakimbia ukikitazama ukiwa wapi? Kuna protoni zinazotoka anga za mbali na kuingia angahewa yetu kwa kasi inayokaribia ya mwanga. Kwa upande wao, anayekimbia ni wewe na chaki yako. Umegeuka shimo? Kitu hakiwezi kuwa shimo kwa mtazamaji mmoja, kwa mwingine kisiwe.

Kinachopanda ni nishati na momenta. Pale CERN, maabara ya fizikia ya chembe kule Ulaya, ndani ya mtambo wenye mzingo wa kilomita 27, protoni hufikishwa TeV 6.8 (TeV ni kipimo cha nishati), zaidi ya mara 7,000 ya nishati yake ikiwa imetulia. Tungamo lake ni lile lile. Hiyo lugha ya "tungamo linaongezeka" wanafizikia wengi wameiacha, vitabu vyetu ndivyo vimeing'ang'ania.

Mwalimu wa Zamu:
Kwa hiyo mwendo hauhusiani kabisa na graviti?

Mpiga Hesabu:
Unahusiana sana, mkuu! Kwa Einstein, kinachovuta si tungamo tu. Nishati, momenta na kanieneo vyote vimo. Bandika lita moja ya maji jikoni, yatoke nyuzi 20 hadi 100. Sufuria imetulia, lakini molekuli ndani zinahangaika, na tungamo la maji linaongezeka kama nanogramu 4, yaani sehemu nne za bilioni za gramu. Mizani ya maabara yenu haitaona kitu, ila ongezeko lipo.

Tena angalia protoni yenyewe: tungamo la kwarki zake, chembe ndogo zinazoiunda, ni kama asilimia 1 tu ya tungamo lote. Sehemu kubwa ya iliyobaki ni nishati ya kwarki, na ya gluoni zinazoziunganisha, zikihangaika humo ndani. Ukipanda mizani, kilo nyingi unazosoma ni za mahangaiko hayo.

Fundi Redio:
Kumbe kitambi changu ni mwendo!

Mwalimu wa Zamu:
Kesho naingia na sufuria. Kipimajoto atashika yule binti.