MREJESHO: Kozi ya Kirusi ya kujisomea, nikiwa Kigoma

Wakuu, shikamooni. Miezi minne iliyopita niliuliza nianze na kozi ipi ya Kirusi, maana hapa Kigoma sikupata mwalimu. Mlinijibu kwa moyo, nashukuru sana.

Nilimsikiliza kaka aliyesema nisiguse kozi inayoandika Kirusi kwa herufi zetu. Alfabeti yao ina herufi 33, nikaimudu kwa wiki mbili. Zilizonisumbua ni zile zinazofanana na zetu: В ni "v", Н ni "n", Р ni "r", С ni "s".

Dada aliyesisitiza kozi yenye sauti, Mungu akubariki. Молоко, yaani maziwa, hutamkwa kama "malako", kwa kuwa "o" isiyo na mkazo huelekea "a". Kwa kitabu kitupu ningekosea hadi leo. Nilipakua sauti zote mara moja, nikawa nazisikiliza kwenye daladala ya Ujiji asubuhi na jioni.

Programu ya simu niliiacha baada ya mwezi. Maneno nilikariri, sentensi sikuweza kuunda.

Sikufanikiwa kote. Nilipanga kumaliza kitabu kwa miezi mitatu, nimefika nusu. Nomino zao hubadilika mwisho kwa hali sita, yaani kulingana na kazi ya nomino kwenye sentensi. Sisi tumezoea kubadilisha mwanzo wa neno. Nimeelewa hali tatu tu, na nimerudia sura ileile mara nne. Kilichonisaidia ni kitabu kuwa na majibu ya mazoezi mwishoni, kwa hiyo anayenunua aangalie hilo kwanza. Nitaendelea nacho hichohicho.