Farasi wawili, boma rhodes na lusini: nichanganye vipi?

MfugajiMpya
Habari zenu wadau. Nina farasi jike anayenyonyesha, uzito wake kama kilo 450, na dume mzee aliyehasiwa ambaye hunenepa hata akila kidogo. Ghalani nina marobota ya boma rhodes (nyasi za rhodes zilizokaushwa) na machache ya lusini (alfalfa, mmea wa jamii ya kunde). Shambani setaria, nyasi ya malisho, imestawi kwelikweli, ng'ombe wanaifurahia. Jirani anasema niwape wote lusini tupu kwa kuwa ina nguvu. Mwenzenu nifanyeje?

MzeeWaZizi
Karibu ndugu yangu. Naanza na setaria maana hiyo ndiyo imenitia hofu. Ina oksaleti nyingi, kemikali ya asili ya mmea, nayo hushikana na kalisi (madini ya mifupa) tumboni isiweze kuingia mwilini. Ng'ombe ana vijidudu vya tumboni vinavyoivunja mapema, farasi hana bahati hiyo. Akiila muda mrefu, mwili huanza kuchota kalisi kwenye mifupa, na utaona uso unavimba pande zote mbili juu ya taya, anachechemea na hujui kwa nini. Mama anayenyonyesha ndiye wa kwanza kuumia, kwani kalisi nyingine inakwenda kwenye maziwa. Waachie ng'ombe setaria yao.

Huyo mama mpe boma rhodes sehemu mbili, lusini sehemu moja. Lusini ina protini na kalisi anazozihitaji sasa. Kwa siku anaweza kumaliza kilo 12 au 13 za nyasi kavu. Tumia mizani tafadhali, usikadirie kwa macho: marobota mawili ya ukubwa mmoja hupishana uzito sana.

Mzee wako lusini haimfai, atazidi kunenepa, na farasi mnene yuko karibu na ugonjwa wa kwato. Mpe boma rhodes iliyokomaa, karibu asilimia 1.5 ya uzito wake ikipimwa kavu kabisa. Usishuke hapo bila daktari wa mifugo. Tumbo la farasi hutoa asidi usiku na mchana, hata kama hakuna chakula ndani, kwa hiyo kumshindisha njaa ili apungue ni kumtafutia vidonda. Weka nyasi zake kwenye wavu wa matundu madogo ale polepole.

Halafu fungua robota moja la lusini ulitikise. Majani yakipukutika yote ukabaki na vijiti mkononi, umenunua vijiti, maana uzuri wa lusini uko kwenye majani. Boma rhodes ikunje kiganjani: ikichoma, ilikatwa imechelewa. Kwa mzee ni sawa kama meno yake bado yanasaga. Ukikuta madonge ya nyasi zilizotafunwa nusu chini ya hori, meno yana shida.

MamaFarasi
Naunga mkono. Niongeze: ingiza mkono katikati ya robota. Pakiwa na joto au unyevu, au ukisikia harufu ya ukungu, usimpe farasi hata kidogo. Kukung'uta hakutoshi, ukungu huleta kikohozi na msokoto wa tumbo. Na mabadiliko yafanye taratibu, siku 7 hadi 14.

MfugajiMpya
Asanteni sana, shikamoo Mzee. Nimetazama chini ya hori la mzee, kweli kuna madonge. Daktari atakuja kumwangalia meno. Nimesikia pia kuloweka nyasi hupunguza sukari, ni kweli?

MzeeWaZizi
Marahaba. Ni kweli, na kwa huyo mnene inasaidia. Zizamishe nusu saa hadi saa moja, kisha mwaga yale maji mbali, asiyanywe, sukari imo humo. Kukiwa na joto mpe mara moja, zisikae zikachacha.